Gari halipotezi mwelekeo hivi hivi tu

Mhariri,

Kuna maneno matatu nayasoma karibu kila wiki kwenye habari za ajali, "gari lilipoteza mwelekeo". Likapoteza mwelekeo likaingia mtaroni, likapoteza mwelekeo likagonga lori, na hapo stori inaisha, tunasoma idadi ya waliofariki na hospitali waliyopelekwa majeruhi. Mimi siku hizi nikifika hapo kwenye hayo maneno nasimama, kwa sababu gari yangu nusura iandikwe hivyo hivyo, na sababu ilikuwa kitu kidogo naweza kukishika kwa mkono mmoja, boljointi, yaani ile jointi ya chuma yenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, inayounganisha gurudumu la mbele na gari.

Mimi ni mwalimu, naishi Kisumu na nafundisha upande wa Kiboswa, kwa hivyo kila siku ya shule napanda mlima wa Riat asubuhi na jioni nateremka. Gari ni Toyota 110 ya 1998, nilinunua kwa mtu, si ya yadi. Najua wengi wenye gari kama hii huku kwetu, kutoka Ahero mpaka Busia, kutoka Kakamega mpaka Webuye, ni gari nzuri, spea zake ziko kila mahali na fundi yeyote anaijua. Shida ni kwamba ina zaidi ya miaka ishirini na tano na mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake, unazeeka pia kwa joto na vumbi na miaka tu, na sisi wa hapa ziwani joto tunalijua.

Ilianza na mlio. Nikipita matuta ya Mamboleo nasikia kok kok upande wa kushoto mbele, si kubwa, ukiweka redio huisikii. Nikapeleka kwa fundi mmoja mtaani, akasimama mbele ya gari akaisukuma chini kwa mikono mara mbili akasema mwalimu hizo ni shoki (zile za kupunguza mtikisiko) zimeisha. Hakuinua gari, hakutoa tairi, hata hakuinama. Nikanunua shoki mbili za mbele elfu tisa, akafunga, ule mlio ukapungua wiki mbili hivi halafu ukarudi kama ulivyokuwa, na sasa ukaja na mwenzake, nikifika kama 80 usukani unatetemeka na gari inatangatanga, lazima niirudishe rudishe ndio ikae kwa leni yake. Nikaambiwa ni alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa. Nikafanya, 1,500, ikakaa wiki moja usukani ukarudi kukaa kombo. Nikafanya tena. Jamaa wa mashine hata yeye hakushika kitu chochote kuona kama kimelegea, alitia spana akageuza tairodi, ile fimbo inayosukuma gurudumu ukikata usukani, mpaka namba zikakuwa za kijani kwa skrini, basi. Sasa najua unaweza kufanya alaimenti ya gari iliyolegea mpaka kesho, ukishatoka tu kwa hiyo mashine jointi inacheza inarudi inapotaka. Wakati huo tairi ya kushoto inalika upande wa ndani, kwa nje iko na gredi nzuri kabisa na ndani waya imeanza kuonekana, na mimi sikuwa nachungulia huko ndani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi jioni, nimeteremka Riat na watoto wawili nyuma, wangu na wa jirani, na kule kuteremka nilikuwa naenda kama kila mtu anavyoenda. Nikafika chini nikaingia petroli stesheni kuweka mafuta, nakunja kushoto polepole kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, nikasikia kraa, gari ikakaa chini upande mmoja. Kushuka naona tairi ya mbele imelala imeangalia nje na fenda imeikalia. Boljointi ilikuwa imechomoka kwa kikombe chake. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa kwa ule mteremko na watoto nyuma, na lori ziko mbele na nyuma yangu. Nililala usiku huo nikiota hiyo sauti.

Kama ingechomokea kule juu, Mhariri, kesho yake ungepata habari kwamba gari dogo lilipoteza mwelekeo eneo la Riat, na watu wangesema huyo mwalimu alikuwa anakimbia.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee pale Kibuye, nilielekezwa na mtu wa brekdauni. Kitu cha kwanza aliniuliza si bei, aliniuliza "japuonj (mwalimu, kwa Kijaluo), nani alishika hii gari kabla yangu na alibadilisha nini?" Nikamweleza yote, na yeye hakusema neno baya kwa mtu yeyote, akasema tu "wacha tuitazame kwanza, gari itatuambia yenyewe."

Nataka kueleza alivyotazama, kwa sababu ilichukua dakika ishirini hivi na hakuna kifaa cha maana alitumia zaidi ya jeki, stendi na chuma kirefu. Aliinua gari kwa bodi, si kwa amu (ule mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu), magurudumu yakaning'inia. Akaenda upande wa kulia ule haukuwa umeharibika akashika tairi kwa mikono kushoto na kulia akaisukuma na kuivuta, akaniambia hapa ikicheza uliza tairodi na raki endi (pale tairodi inaposhikana na raki, mtambo wa usukani). Halafu akashika juu na chini akafanya vile vile, ikacheza kidogo, tk tk. Hapo mtu anaweza kusema ni beringi au anaweza kusema ni boljointi, sasa akamwambia kijana wake aingie ndani akanyage breki. Ukikanyaga breki plei (ile kucheza) ikipotea ni beringi ya gurudumu, ikibaki ni jointi ya chini. Ilibaki. Akachomeka kile chuma kati ya amu na ile knako inayoshika gurudumu akapandisha, nikaona kwa macho yangu chuma kinapanda na kushuka kama milimita tatu nne hivi. Upande huo wa kulia pia ulikuwa karibu kuchomoka na mimi ningeendelea kuuendesha!

Nilimuliza mbona haikuwa inapiga kelele kubwa kama ilikuwa mbaya hivyo. Akasema gari hizi za mbele springi na shoki ziko pamoja kwa nguzo moja, uzito wote wa gari unaenda juu kwa ile nguzo, boljointi ya chini haibebi uzito, kazi yake ni kushikilia gurudumu lisitoke njia tu, kwa hivyo inaweza kuisha pole pole bila wewe kujua. (Huo mtindo wa nguzo ndio unaitwa MacPherson, jina la injinia Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940, na ndio uko kwa gari ndogo nyingi tunazoendesha Kenya, Probox pia.)

Kwa ujumla alikuta boljointi zote mbili, tairodi ya kushoto ya nje, bushi za nyuma za amu zote mbili (ile mipira inayoshikanisha amu na bodi) zimepasuka, na mauntingi ya shoki ya kushoto (kishikio chake cha juu) ile beringi yake imekufa. Hiyo mauntingi iliniuma sana, kwa sababu yule wa kwanza alipofunga shoki mpya alikuwa ameishika kwa mkono akairudisha hivyo hivyo. Raki yenyewe ilikuwa nzima, alifinya buti, vile vifuniko vya mpira, pande zote akaona hakuna oili ndani, akasema ingekuwa na oili basi sili zimeenda na hiyo ni stori nyingine na pesa nyingine.

Kazi yake nilikaa nikaiangalia siku nzima. Tairodi aliipaka alama ya rangi na akahesabu mizunguko wakati wa kutoa, ilikuwa kumi na tisa, ile mpya akaingiza kumi na tisa, ili gari iweze kufika kwa mashine ya alaimenti bila kumaliza tairi njiani. Kutoa jointi hakupiga nyundo kwa uzi wa nati, alipiga ubavuni pale kwa sikio la chuma inaposhikilia mpaka ikaachilia. Nati ya boljointi inakazwa kwanza, na kama tundu la kota pini (kile kipini cha kuzuia nati isifunguke) halijaonana na nafasi ya nati unakaza mbele kidogo, hurudishi nyuma, na kota pini ni mpya, ile ya zamani anaitupa. Nimeona mafundi wananyoosha kota pini ya zamani kwa plaisi wanairudisha, na wengine wanaweka waya wa kufungia ua.

Lakini kitu ambacho sikuwahi kusikia mahali popote ni hii ya bushi. Alifunga amu na bushi mpya lakini zile bolti kubwa hakuzikaza, aliziacha zimeshika tu, akarudisha tairi, akashusha gari chini, akaisukuma sukuma ikae, ndio akalala chini akakaza gari ikiwa imesimama kwa miguu yake. Nikamuuliza kwa nini usikaze juu ukiwa na nafasi. Akasema "bushi si beringi, haizunguki, mpira umeshikana na chuma ndani na nje, unapinda tu. Ukiikaza gari ikining'inia, ukiishusha umeshaipinda hata kabla haijatoka hapa, na itaishi imepindwa hivyo." Nikaelewa mbona jirani yangu huweka bushi kila miezi minne na analaani barabara. Barabara zetu ni mbaya ndiyo, matrekta ya miwa yamezikata kule Awasi na Chemelil na ukiingia Kano udongo ule mweusi unahama kila mvua, lakini bushi ikifungwa hewani itakufa hata kwa lami mpya.

Pesa sasa. Kabla ya kufika kwa huyu mzee nilikuwa nimetumia shoki 9,000, alaimenti mbili 3,000, na baadaye tairi mbili kwa sababu zile zilikuwa zimelika, 11,000. Hiyo ni 23,000 na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Boljointi mbili zilinigharimu 3,600.

Na hata kununua hizo ni kazi. Kuna za eks-Japan, yaani zimetolewa kwa gari lingine, na mimi nauliza mtu ananunuaje boljointi iliyotumika, hicho si mlango wala kioo, ni kitu kinachoisha kwa kusuguana, huwezi kujua imebaki na siku ngapi. Halafu kuna feki. Wengi wetu tunaulizia 555, zile za Sankei ya Japani, na wenye kuiga wanajua hivyo, utapata boksi imechapishwa vizuri na kitu cha ndani ni chuma laini na buti ya mpira nyembamba inapasuka mwezi wa pili, ikipasuka vumbi na maji yanaingia, grisi inatoka, kwisha. Nilinunua moja hivyo kwa duka fulani mjini, mzee akaizungusha kwa vidole akairudisha kwa boksi akaniambia nenda ubadilishe, nikazungushwa siku mbili ndio nikarudishiwa pesa. Tuna sheria ya bidhaa bandia tangu 2008 na mamlaka yake iko, tuna KEBS, shirika la viwango, naomba maafisa wao watembelee maduka ya spea huku Kisumu mara kwa mara, na wasianze na vioo na vipodozi, waanze na hivi vitu vya usukani na breki.

Kuna mambo mengine naona gereji yananitia hofu kweli. Boljointi iliyoisha inachomwa moto na kugongwa ili ibane tena. Bushi inachongwa kwa tairi kuukuu. Amu inachomelewa welding. Mzee aliniambia si mafundi peke yao, wateja ndio wanasema nisaidie tu nifike mwisho wa mwezi, na fundi mwenye njaa hakatai. Naelewa hali ya pesa, mimi mwenyewe mshahara naujua unavyoishia tarehe kumi. Lakini Probox inayobeba watu kumi na magunia juu kutoka sokoni haiwezi kutembelea jointi ya kuchomwa, hapo si mwisho wa mwezi tunaongelea.

Matatu na magari ya biashara yanapelekwa ukaguzi kila mwaka. Yangu, tangu niinunue, hakuna mtu wa serikali amewahi kuinua tairi lake, na sijawahi kuulizwa.

Ombi langu kwako Mhariri ni mawili na si makubwa. Waandishi wenu wakienda mahali pa ajali na afisa wa trafiki akisema gari lilipoteza mwelekeo, wamuulize kama gari hilo litakaguliwa, na wakaguzi wakimaliza warudi watuandikie walichokuta, iwe ni mwendo, iwe ni usingizi, iwe ni tairi au tairodi. Sisemi ajali zote ni gari bovu, kuna wanaokimbia na kuna wanaolewa na hao tunawajua. La pili, mtupatie hata robo ukurasa kwa wiki, fundi anayejua kazi aeleze kitu kimoja kwa Kiswahili, wiki hii boljointi, wiki ijayo breki, kwa sababu vitabu vya gari hizi ni vya Kijapani au Kiingereza na wenye kuzishika gereji wengi wamejifunza kwa kuangalia tu.

Ile boljointi iliyochomoka ninayo hapa mezani nikiandika. Niliipeleka darasani Kidato cha Tatu tulipokuwa kwa msuguano, ikapita mkono kwa mkono, na msichana mmoja akaniuliza kama matatu anayopanda kuja shule imewahi kuangaliwa hiyo kitu. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia nitauliza.

Mwalimu na msomaji wenu,
Kisumu