Wanafunzi wavumbuzi wafunguliwe maabara za vyuo vikuu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu walimu wa sayansi, wazazi na wakuu wa vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Kila mwaka shule zetu hupeleka wanafunzi vyuoni kuonyesha vitu walivyovumbua, na kila mwaka wanafunzi hao hurudi na vyeti, picha na sifa. Sipingi sifa hizo, kwa kuwa mtoto aliyejitahidi anastahili kupongezwa mbele ya watu. Hata hivyo, chuo kikuu kina maabara, karakana na watu wanaojua kupima, na hivyo ndivyo vitu ambavyo shule nyingi za kutwa hazina. Mwanafunzi anapoalikwa chuoni akaishia ukumbini, amenyimwa kile hasa alichokuwa akikihitaji.

Nasema hivi kwa sababu mwaka huu niliwasindikiza wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu, wasichana wawili na wavulana wawili, kutoka shule ya kutwa ninakofundisha Fizikia huku Nyakach, Kaunti ya Kisumu, hadi chuo kikuu kimoja cha Bonde la Ufa. Walikuwa wamealikwa kuonyesha kikaushio cha omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, kinachotumia joto la jua.

Msomaji anayeishi mbali na ziwa huenda asione uzito wa kifaa hicho, kwa hivyo niruhusu nieleze. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hufikishwa ufuoni alfajiri, kisha akina mama huwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Jua likiwaka vizuri, kufikia jioni wamekauka na wako tayari kutiwa guniani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huanza kunuka na kumomonyoka, na mchuuzi ambaye angewauza kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, sokoni hulazimika kuwatoa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Wakati wa masika hasara hiyo huwa ya kila mara, na mtaji wa mama mmoja unaweza kuisha kwa mvua ya alasiri moja. Mama wa msichana mmoja katika kikundi hiki anafanya biashara hiyo. Mradi ulianzia nyumbani kwao, wala si katika kitabu cha kiada.

Kifaa chenyewe ni sanduku la mbao lililolazwa kwa mteremko, lenye bati lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa juu kwa nailoni inayopitisha mwanga. Hewa huingia kupitia upenyo wa chini, hupashwa joto na bati, kisha hupanda hadi kwenye kabati lenye trei za wavu ambamo omena wametandazwa, na hatimaye hutokea juu kupitia dohani fupi ikiwa imebeba unyevu. Kwa kuwa hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, samaki hukauka upesi, tena bila kufikiwa na nzi, mchanga wala kuku. Vikaushio vya jua vimekuwepo duniani kwa miaka mingi na wanafunzi wangu hawakudai kuwa wa kwanza. Walichofanya ni kuunda kimoja kwa vitu vinavyopatikana Katito siku ya soko, na kutafuta jibu la tatizo la mawingu ya kwetu: chini ya bati walipanga mawe meusi ambayo hunyonya joto wakati wa jua na kuliachilia polepole wingu linapotanda. Wazo la mawe lilikuwa la mvulana ambaye darasani huzungumza mara chache sana, na ningependa wazazi wake walisome hili gazetini.

Kuhusu safari sitasema mengi. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa, ambao ni Sh22,244 kwa mwaka, hauna nafasi ya kukodi gari la kubeba kabati la mbao kupitia Sondu na Kericho hadi upande wa pili wa Mau, na walimu wakuu wamelalamika mara nyingi kwamba hata mgao huo hauwafikii wote. Wazazi walichanga, na wachuuzi wa omena nao walichanga. Ninawashukuru.

Tulipofika tulipokewa kwa heshima, tukapewa chai, kisha tukaelekezwa kwenye ukumbi mkubwa ambamo kila shule ilikuwa na meza yake. Kikaushio cha jua kiliwekwa ndani ya ukumbi, chini ya paa, mbali na dirisha. Niliomba kitolewe nje, nikaambiwa kwamba majaji wangepita meza kwa meza na kwamba utaratibu haungeweza kubadilishwa kwa ajili ya shule moja. Kwa hivyo wanafunzi walisimama kando ya kifaa kisichofanya kazi, wakaeleza kwa mdomo na kwa bango namna ambavyo kingefanya kazi kama kingekuwa juani. Majaji walikuwa waungwana, lakini muda wao ulikuwa mfupi. Waliuliza kifaa kina ufanisi wa kiasi gani, na wanafunzi hawakuwa na jibu la tarakimu, kwa maana shuleni tuna vipimajoto tu. Waliandika alama zao wakaenda meza iliyofuata. Sidhani kwamba walikosea kuuliza. Swali hilo lilikuwa sahihi, ila liliulizwa mahali ambapo halikuweza kujibiwa, ilhali maabara yenye uwezo wa kulijibu ilikuwa katika jengo la jirani.

Jambo lenye manufaa makubwa kuliko yote siku hiyo halikuwemo katika ratiba. Mtaalamu mmoja wa maabara wa chuo hicho, aliyekuwa akipita tu, alisimama mezani petu akawauliza wanafunzi walijuaje kwamba samaki wao wamekauka. Walimjibu kwamba omena mkavu huvunjika kwa urahisi akikunjwa, kama mama zao wanavyopima ufuoni. Hakuwacheka. Aliwaambia kwamba kipimo hicho ni kizuri kwa kuanzia, kisha akaomba omena waliokuwa wamebebwa kutoka kila trei, ambao kwa bahati nzuri walikuwa katika mikebe tofauti, akawachukua wanafunzi hadi maabara. Huko waliwasaga omena wa kila mkebe, wakawapima kwa mizani inayosoma sehemu ndogo sana za gramu, wakawatia katika tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi, na kurudi kuwapima tena na tena hadi uzito ulipoacha kupungua. Uzito uliopotea ndio uliokuwa maji. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa, na dereva wetu alitusubiri bila kunung'unika.

Matokeo yaliwashangaza. Wanafunzi walikuwa wakiamini kwamba trei ya juu ndiyo bora, kwa sababu walijifunza darasani kwamba hewa moto hupanda. Kumbe omena wa trei ya juu ndio waliobaki na maji mengi zaidi, kwa kuwa hewa inapofika huko imekwisha kupita kwenye trei za chini, imepoteza joto na kubeba unyevu wa samaki wengine. Kwa nje walionekana sawa na wenzao wa chini, na hata walipokunjwa walivunjika. Mtaalamu yule aliwaeleza kwamba samaki wa namna hiyo ndiye anayeota kuvu akiwa guniani, baada ya kuuzwa, wakati mnunuzi amekwisha kulipa. Kisha aliwaacha wafikirie dawa yake wenyewe. Kabla hatujatoka katika maabara walikuwa wanabishana iwapo inafaa trei zibadilishane nafasi adhuhuri, au dohani irefushwe ili hewa ipite kwa kasi, au nafasi kati ya trei iongezwe. Nimefundisha uhamishaji wa joto kwa miaka mingi na sijawahi kusikia wanafunzi wakibishana juu yake kwa namna ile.

Mhariri, hiyo ndiyo hoja yangu. Ukumbi uliwapa wanafunzi hawa alama na cheti cha kushiriki, nayo maabara ikawapa kasoro ya kifaa chao na njia ya kuirekebisha. Waliipata kwa sababu mtu mmoja mwema alikuwa akipita, na sera ya chuo haiwezi kutegemea nani anapita karibu na meza gani.

Eneo letu halina upungufu wa vyuo. Kipo Chuo Kikuu cha Maseno, kipo cha Masinde Muliro mjini Kakamega, kipo Kibabii kule Bungoma. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, mwendo mfupi kutoka ziwani, na kinafundisha sayansi ya kilimo na chakula. Egerton, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, ina idara ya sayansi na teknolojia ya maziwa na vyakula. Katika vyuo vya namna hii tanuri la kupimia unyevu ni kifaa cha kawaida, kinachotumiwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kumwachia mwanafunzi wa sekondari alitumie kwa alasiri moja, akiwa na msimamizi, si gharama ya kutikisa bajeti ya chuo.

Najua vyuo vya umma vina matatizo yao. Madeni ni mengi, na mwishoni mwa mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa majuma mengi wakidai haki yao. Siombi ufadhili mpya wala jengo jipya. Ninachoomba ni kwamba pesa na muda ambao tayari hutumika kuandaa maonyesho vigawanywe kwa namna nyingine: asubuhi iwe ya majaji, na alasiri iwe ya vipimo. Kila kikundi kiulizwe mapema, katika fomu ya mwaliko, ni kitu gani kingependa kupimwa ambacho shule yao haiwezi kukipima. Baada ya hapo mhadhiri au mtaalamu wa maabara mmoja apewe vikundi viwili au vitatu vya kuvifuatilia kwa muhula mmoja, hata kama ni kwa simu.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Wizara ya Elimu ilikwisha kusema kwamba inatarajia asilimia 60 yao wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shule kama yetu imewapokea watoto hao ikiwa na maabara moja. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya yanayopanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa ni utaratibu mzuri, lakini huwachuja watoto njiani, na kikundi kinachoshindwa mapema hurudi nyumbani na mradi wake bila mtu wa kukiambia ulikosa nini. Hicho ndicho kinachohitaji maabara kuliko kile kilichoshinda.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa huku wamewahi kufika mbali bila msaada huo. Ni kweli kwamba mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls walifika California katika fainali za Technovation, mashindano ya wasichana ya kubuni programu, kwa programu yao ya simu, i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya kwa watetezi wa haki za binadamu. Tulijivunia sana, na bado tunajivunia. Ila mashindano yale yenyewe huwapa washiriki washauri wa kuwaongoza kwa miezi kadhaa kabla ya fainali. Mtu anayeutumia mfano huo kusema kwamba kipaji kinatosha ameiacha nusu ya habari.

Kuna suala jingine ambalo waandaaji hulisahau. Mabango ya wanafunzi huwa na kila kipimo na kila mchoro, na wageni huyapiga picha kwa uhuru. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, mvumbuzi aliyekwisha kuonyesha uvumbuzi wake hadharani ana miezi 12 ya kuwasilisha ombi la kuulinda, na muda huo ukipita haki hiyo humponyoka. Ulinzi wa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ni wa miaka 20, na ule wa uvumbuzi mdogo, ambao pengine ndio unaofaa miradi mingi ya shule, ni wa miaka 10. Katika ukumbi ule hakuna aliyewaambia wanafunzi hayo. Vyuo vyenye wataalamu wa sheria na ofisi za utafiti vinaweza kuwaeleza kwa nusu saa, kabla bango la kwanza halijabandikwa.

Nasi walimu tuna deni letu. Tumewazoesha wanafunzi kutengeneza kifaa kinachopendeza na bango lenye rangi, huku daftari la vipimo likiandikwa usiku wa kuamkia safari. Tangu tuliporudi, kikundi chetu kinaandika uzito wa omena wa kila trei asubuhi, adhuhuri na jioni, pamoja na hali ya anga, kwa mizani tuliyoazima kwa mfanyabiashara wa Katito. Dohani imerefushwa. Iwapo trei ya juu imepona hatuwezi kusema kwa uhakika mpaka tupate tanuri.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa vyuo nilivyovitaja: mtakapoandika barua za mwaliko wa maonyesho yajayo, tajeni ndani yake maabara itakayokuwa wazi siku hiyo, mahali pa nje patakapowekwa vifaa vinavyohitaji jua, na jina la mtu ambaye mwalimu anaweza kumpigia simu muhula utakaofuata.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia,
Nyakach, Kaunti ya Kisumu