Kabla hujalipia gitaa la umeme lililotumika, kagua shingo

Wateja wengi hutufikia hapa karakana ya magitaa wakiwa wameshalipa. Wamenunua gitaa kwa mtu binafsi, picha zilipendeza, bei ikawavuta, na sasa wanauliza mbona nyuzi zinaburuza kwenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kukatiza shingo. Tungefurahi zaidi mngetuuliza mapema. Kwa hiyo leo tunaeleza namna tunavyolikagua gitaa likiwekwa mezani kwetu, ili na wewe ukikutana na muuzaji ujue pa kuanzia.

Wanunuzi wengi huanza na rangi. Mikwaruzo, rangi iliyobanduka pale mkono unapoegemea, skrubu zenye kutu: hayo yote yatumie kuombea punguzo, kisha yaache. Sauti haiharibiki kwa sababu hiyo. Pikapu, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, zinabadilishwa, swichi zinabadilishwa, hata funguo za kukazia nyuzi zinabadilishwa bila shida kubwa. Shingo ndiyo inayoamua kama umepata gitaa au umenunua kuni.

Kwanza hakikisha gitaa limetuniwa, yaani nyuzi zimekazwa hadi kwenye sauti zake sahihi. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ubane uzi huohuo pale shingo inapoungana na mwili. Uzi ukinyooka hivyo unakuwa rula yako. Sasa tazama kati, kwenye freti ya 7 au ya 8: panatakiwa pawe na uwazi mdogo sana kati ya uzi na freti, kama milimita 0.2 au 0.3. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, huenda shingo imebinukia nyuma. Uwazi ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Hali zote mbili kwa kawaida hurekebishwa kwa kuzungusha nati ya kile chuma kinachopita ndani ya shingo. Hatari ni pale chuma chenyewe kimefika mwisho, au nati imelika hadi ufunguo hauishiki tena. Muulize muuzaji mara ya mwisho kiliguswa lini na nani, na ukitaka kukijaribu omba ruhusa kwanza, maana gitaa bado ni lake. Robo ya mzunguko inatosha. Nati ikigoma, usiilazimishe.

Shingo iliyojipinda kama kamba ni habari nyingine. Tazama kutoka upande wa kichwa kuelekea mwili, ulinganishe mstari wa freti ya kwanza na wa freti ya mwisho. Mmoja ukiinama upande mmoja kuliko mwenzake, chuma cha ndani hakitakusaidia. Gitaa la namna hiyo sisi humshauri mteja aliache, hata likiwa la jina kubwa.

Kwenye magitaa ya aina ya Gibson Les Paul, geuza kichwa cha gitaa utazame nyuma yake. Kichwa kimelala kwenda nyuma, na mbao imechimbwa hapohapo kupisha nati ya chuma cha shingo, kwa hiyo gitaa likianguka chali mara nyingi hukatika sehemu hiyo. Pitisha ukucha taratibu chini ya mwanga mkali. Ukihisi mstari, au ukiona kiraka cha rangi iliyokolea kuliko kwingine, uliza. Mpasuko uliogundishwa vizuri unaweza kudumu miaka mingi, wala hatuwakatazi watu kununua, ila bei ishuke sawasawa. Magitaa yenye kichwa kilichonyooka, kama Stratocaster na Telecaster za Fender, hupatwa na tatizo hili kwa nadra.

Freti zipige zote, uzi kwa uzi, bila haraka. Kisha vuta nyuzi nyembamba kwenda juu kuanzia freti ya 12. Sauti ikikatika ghafla, kuna freti isiyolingana na wenzake. Vishimo chini ya nyuzi husawazishwa kwa kupiga msasa, mradi chuma cha freti bado kina kimo. Kikiwa kimelika hadi karibu kulala na mbao, kitu pekee kilichobaki ni freti mpya, na hiyo ni kazi ndefu ambayo lazima uihesabu kwenye bei.

Umeme hautishi sana. Nenda na waya wako na amplifaya ndogo. Kitufe cha sauti kikikwaruza ukikizungusha, mara nyingi kinahitaji kusafishwa tu. Pikapu za koili moja huvuma kidogo kwa asili yake. Kwenye gitaa la kawaida lisilotumia betri, mvumo hupungua ukigusa nyuzi. Usipobadilika hata kidogo, huenda waya wa ati (earth) unaokwenda kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, umeng'oka, na huo tunaulehemu mkiwa mnasubiri.

Jambo moja zaidi: omba picha ya namba ya gitaa iliyochapwa kiwandani (serial number) kabla hamjakutana. Mwenye gitaa halali hana sababu ya kuificha. Mkikubaliana, andikianeni karatasi yenye namba hiyo, majina yenu na tarehe. Namba peke yake haithibitishi kuwa gitaa ni halisi, kwa sababu waigaji nao huchapa namba. Ndiyo maana huwa tunafungua pia mfuniko wa nyuma tuone waya na maungio ya ndani.

Ukitaka tukukagulie, njoo na muuzaji, mkutane hapa karakana. Tunalikagua mbele yenu nyote wawili, tunaandika kasoro zote na gharama ya kuzirekebisha, kisha mnapatana bei wenyewe, sisi hatuingilii. Gitaa likiwa mbali, tutumie picha za nyuma ya kichwa, freti tano za mwanzo zikiwa karibu, na shingo ikiwa imepigwa ubavuni. Tafadhali mwambie muuzaji asilegeze nyuzi kwa ajili ya safari ya kuja kwetu, kwani shingo tunataka kuiona ikiwa imebeba mvuto wake wa kila siku.