Kiti bila tiketi

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu wa tangu na tangu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wanao na wajukuu huko Unguja. Sisi huku hatujambo, magoti tu ndiyo yananisumbua asubuhi. Ningekupigia simu, lakini jambo nililo nalo ni refu na lina mambo ya kazi yetu ndani yake, na nataka ulisome taratibu, ulirudie, halafu unijibu.

Unamkumbuka bibi muuza maandazi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, yule aliyekuwa akituletea chai ofisini? Alikuja kuniaga Jumatano. Anakwenda Umra. Miaka yote ile anakanda unga usiku, kumbe anaweka kidogokidogo, na wanawe wakamwongezea. Alikaa ukumbini kwangu, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa unakata tiketi za watu," akaniambia. "Hebu niangalizie yangu, nijue natoka saa ngapi."

Nikavaa miwani. Karatasi imeprintiwa pale steshenari ya kona, wino umefifia upande mmoja. Juu kuna jina lake. Chini yake zile herufi na tarakimu sita za nafasi. Kisha safari zenyewe: Dar es Salaam, kubadilisha ndege katikati, Jeddah, na kurudi. Kila mstari umeandikwa kwamba nafasi imethibitishwa. Karatasi nzuri, ungeiona ungesema haina kasoro. Nikatafuta namba ya tiketi. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari kama tulivyofundishwa. Nikageuza nyuma. Hamna. Zile tarakimu kumi na tatu hazipo popote.

Shoga, moyo ulinienda mbio. Nikamuuliza kwa upole pesa amempa nani. Akanitajia kijana mmoja wa mjini anayetafutia watu safari kwa simu, hana ofisi, hana kaunta. Pesa alishapokea yote, wiki tatu zilizopita. Nikapiga simu ofisi ya shirika la ndege, Dar. Binti aliyepokea alikuwa na adabu. Nikamsomea herufi kama zamani, M ya Mwanza, S ya Songea, akacheka kidogo akaniambia mama umefanya kazi hii. Kisha akanyamaza akisoma kioo chake. Akasema nafasi ilikuwepo, lakini muda wa mwisho wa kukata tiketi ulikuwa saa sita mchana siku ileile, na tiketi haikukatwa, basi kompyuta imefuta yenyewe. Tulipokuwa tunazungumza ilikuwa saa tisa alasiri.

Saa tatu tu, mwenzangu. Angekuja asubuhi, tungemkamata yule kijana mapema.

Tangu siku hiyo nawaza kitu kimoja, na ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu. Zamani sisi tulikuwa tunawaona watu wenye tiketi bila kiti. Unakumbuka kile kisanduku kwenye kuponi, yaani ile karatasi ya kila ndege ndani ya kitabu cha tiketi, tuliandika OK kama nafasi ipo, na RQ kama tumeomba na jibu halijaja. Mtu anatoka na kitabu cha tiketi mkononi, amelipa, kimegongwa mhuri, lakini kuna RQ, na tunamwambia usiondoke Tanga mpaka tukuite. Leo imegeuka. Mtu ana kiti hana tiketi. Na ubaya wake ni kwamba RQ ilionekana kwa macho, ila huku kukosa tiketi hakuonekani. Huwezi kuona kitu ambacho hakikuandikwa, mpaka uwe unajua kilipaswa kuandikwa wapi.

Nimekumbuka mwalimu wetu wa kozi ya Dar alivyotusimulia habari za American Airlines, shirika la ndege la Marekani. Kwamba kabla ya kompyuta makarani walikaa kuzunguka meza yenye makasha ya kadi yanayozunguka, kila ndege na kadi yake, mtu anazungusha, anachomoa, anatia alama, anarudisha. Na kushughulikia ombi moja la nafasi tangu mwanzo hadi mwisho kulichukua kwa wastani dakika 90. Kisha mwaka 1953, ndani ya ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, muuzaji wa IBM, kampuni ya kompyuta, aitwaye Blair Smith akajikuta kakaa na rais wa American Airlines, naye Smith, C. R. Smith. Majina yakawakutanisha, mazungumzo yakazaa Sabre, mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi za ndege. Kufikia 1964 mtandao mzima wa shirika ulikuwa unapita kwenye kompyuta mbili za IBM 7090 zilizowekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York, na jibu likawa la sekunde.

Wakati ule nilisikiliza kama hadithi. Sasa ndiyo naona maana yake. Kilichoingia kwenye kompyuta mwaka 1964 ni kiti. Tiketi haikuingia. Tiketi, huku kwetu, iliendelea kuwa karatasi miaka arobaini na zaidi baada ya hapo. Vitu viwili, nyumba mbili. Mashine za mashirika zikaanza kuwekwa kwa mawakala wa Marekani mwaka 1976, Ulaya wakaunda mifumo yao, Amadeus na Galileo, mwaka 1987, lakini wakala wa huku kwetu, akishapata kiti, ilimbidi atoe kitabu, ashike kalamu, akandamize. Mikono yake ndiyo iliyounganisha zile nyumba mbili. Mikono yetu, shoga. Ile kaboni nyekundu nyuma ya kila kuponi! Tulikuwa tunatoka kazini vidole vimeiva kama tumetoka kupaka hina, na ukikosea herufi moja ya jina huruhusiwi kufuta, unaharibu kitabu kizima na unakitolea maelezo. Halafu ile mashine ya kugonga, unaweka kibati cha wakala na kibati cha shirika, unavuta mkono, *kraa*. Mteja akisikia ule mlio anajua tayari, ana tiketi. Alikuwa anapumua.

Tarehe 1 Juni 2008 karatasi ikaisha. IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, walishaamua tangu 2004, wakapanga mwisho wa 2007, wakasogeza miezi mitano. Siku ile tulirudisha vitabu vilivyobaki na wewe ulilia, mimi nikajifanya sina habari. Kuanzia hapo kiti na tiketi vikawa vinakaa nyumba moja, ndani ya kompyuta, vinatoka kwenye printa moja, kwa wino mmoja. Watu wakadhani ni kitu kimoja. Kumbe bado ni viwili. Kiti kina herufi zake sita. Tiketi ina tarakimu zake kumi na tatu, tatu za mwanzo zikiwa za shirika: 197 ni Air Tanzania, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways. Ukiona hizo, pesa imefika. Usipoziona, bado ni ahadi tu, na ahadi yenyewe ina saa yake ya kufa.

Usinielewe vibaya, sitamani karatasi irudi. Yule bwana wa shamba la mkonge aliyepoteza tiketi yake, unamkumbuka? Ilibidi anunue nyingine, ajaze fomu ya kuapa kwamba akiiona ya kwanza hataitumia, halafu asubiri miezi arudishiwe pesa yake mwenyewe. Leo hata simu ikidondoka baharini, tiketi ipo. Na mwaka uleule wa 2008 ndipo M-Pesa ilipoanza hapa kwetu, mpaka leo kijana wa Pangani anaweza kulipa nauli ya ndege usiku wa manane akiwa kitandani, bila kupanda basi kuja kutuuliza sisi kama Dar wameshajibu. Sisi tulikuwa tunamwambia mtu njoo kesho, njoo keshokutwa, laini ya simu imekatika. Hilo limeondoka na liende zake.

Kinachoniuma ni jicho. Lilikuwepo jicho la pili juu ya kila tiketi, na lile jicho lililipwa na komisheni. Mashirika yalipoanza kuuza yenyewe kwenye intaneti yakauliza kwa nini wamlipe mtu wa katikati. Delta ya Marekani iliweka kikomo cha komisheni cha dola 50 kwa tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi mwaka 1995, kufikia 2002 mashirika makubwa ya kule hayakuwa yanalipa komisheni ya kawaida kabisa, na upepo ule ukavuma mpaka huku. Ofisi yetu ilifungwa, nyingine za mjini zikafuata. Naelewa hesabu yao. Lakini kazi ya kusoma karatasi ya bibi haikufungwa, imebaki bila mwenyewe, na wanaoikuta pale chini ndio hao vijana wa simu. Wengine waaminifu kabisa, nimewaona. Ila hakuna anayeweza kujua mwaminifu ni yupi, kwa sababu karatasi zao zote zinafanana.

Basi nikuambie yaliyofuata. Tulimwita yule kijana jioni ileile, mimi na wana wa bibi, ukumbini kwangu. Hakubisha. Alikiri pesa aliizungusha kwenye safari ya mtu mwingine, akitegemea ya mwingine tena ijaze. Amerudisha sehemu, nyingine ameandikiana na wanawe mbele ya mjumbe. Nauli ilikuwa imepanda, wakachanga tena, mimi nikatia kidogo. Ijumaa nikaenda naye bibi mwenyewe kwa wakala mwenye ofisi, nikakaa mpaka tarakimu kumi na tatu zikatoka. Nikamshika kidole nikakipitisha juu yake, moja baada ya nyingine. Akaniuliza mbona mwisho wa jina lake kuna herufi zimegandana, MRS, watamkatalia kwenye pasi? Nikamweleza kuwa hicho ni cheo tu, mashine inakibandika bila nafasi, kila mwanamke mwenye ndoa anaandikwa hivyo. Akacheka mpaka machozi. Anaondoka wiki ijayo, inshallah.

Sasa ombi langu. Mabinti wawili wa ile steshenari wamesikia kisa hiki na wamenijia wenyewe. Wao ndio wanaoprinti karatasi za mtaa mzima, za Muscat, Jeddah, Dubai, kila siku zinapita mikononi mwao, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha cha kutazama. Wanataka niwafundishe. Nimewaambia waje Jumamosi baada ya kufunga duka. Nataka wajue mambo machache tu: namba ya tiketi ikae wapi, jina lifanane na pasi herufi kwa herufi, na jina la ukoo litangulie, saa ya kubadilisha ndege itoshe, muda wa mwisho wa kukata tiketi usomwe. Wakiona karatasi haina tarakimu, wasimtishe mteja, wamwambie tu ampigie aliyemuuzia kabla ya jua kuzama.

Nahitaji lile daftari letu la jalada jeusi. Ulilichukua wewe siku tunafunga ofisi, nakumbuka ulilitia kwenye kikapu pamoja na kikombe chako. Mna orodha ya tarakimu za mashirika, mna vifupisho vya miji, TGT yetu, ZNZ yenu, PMA ya Pemba, na ile kurasa ya mambo matano ambayo nafasi haifungwi bila kuyajaza: jina, safari, simu, muda wa tiketi, na nani kaleta ombi. Nimejaribu kuiandika kwa kichwa, nimepata manne, la tano limenijia sasa hivi ninavyokuandikia. Mashirika mengine yamekufa, tutayapiga mstari. Mengine hayakuwepo, tutayaongeza.

Mpe mtu yeyote wa kuaminika anayevuka kuja Tanga, alifunge vizuri lisilowe. Au njoo nalo mwenyewe. Chumba cha uani kipo wazi, feni nimeitengeneza, na wewe ulikuwa hodari kuliko mimi kwenye kuwafundisha wageni wa kazi. Mimi nilikuwa nakimbilia jibu, wewe ulikuwa unamwacha mtu atafute. Hawa mabinti wangekufaidi.

Likifika, nitaanzia ukurasa ule wa mwandiko wako, wenye doa jekundu la kaboni la kidole gumba pembeni. Nilikugombeza siku uliyolichafua. Nisamehe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wabusu wajukuu.

Ni mimi shoga yako,
wa kaunta ya kushoto