Barua kwa Mwanangu: Rafu Mbili za Santuri

Mwanangu Rashidi,

Salamu nyingi zikufikie huko chuoni. Sisi hapa Tanga hatujambo, baba yako anakusalimu, na mdogo wako amekwisha fungua shule. Nimeisoma kwa makini rasimu ya insha uliyonitumia kuhusu chimbuko la muziki wa Marekani. Lugha yake nimeipenda, lakini kuna sentensi moja ambayo sikuweza kuipita hivi hivi. Umeandika kwamba bluzi ni muziki wa Weusi uliozaliwa katika mashamba ya pamba, kwamba kantri ni muziki wa Wazungu uliozaliwa milimani, na kwamba mikondo hiyo miwili ilikuja kukutana katika miaka ya 1950. Mimi niliyekaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la santuri, na baadaye la kanda, ninajua rafu hupangwaje na hupangwa na nani. Kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujaikabidhi insha hiyo kwa mwalimu wako.

Anza na banjo, ala ambayo leo mtu akiisikia humfikiria mkulima Mzungu aliyeketi barazani kwake. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba ala hiyo Weusi waliileta kutoka Afrika. Hapo mwanzo ilikuwa kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi, kwa namna inayojulikana hadi leo Afrika Magharibi. Watumwa hao hao ndio waliopigiwa mbiu kila mabwana walipotaka kucheza, wakashika fidla, yaani violini, na kupiga nyimbo za Ireland na Scotland, wakazitia mkono wao. Halafu, mwaka 1843, Wazungu wanne waliojiita Virginia Minstrels walipanda jukwaani New York, nyuso zao zimepakwa masizi ya vizibo vilivyochomwa, wakapiga banjo, fidla, tari na mifupa ya kugonganisha huku wakiwaigiza watu weusi kwa dhihaka. Maonyesho ya namna hiyo yakatawala burudani ya Marekani kwa miongo kadhaa, na Jim Crow, jina la mhusika wa wimbo mmojawapo wa aina hiyo, likaja kuwa jina la sheria za ubaguzi za majimbo ya Kusini. Ni historia chafu, na usiipambe. Lakini inakuonyesha kwamba hata kabla ya kuwapo mashine ya kunasa sauti, mkono mweusi na mkono mweupe ulikuwa umekwisha kushika ala zile zile na nyimbo zile zile, ingawa anayecheka na anayechekwa hawakuwa sawa.

Sasa njoo kwenye santuri, na hapa jina unalopaswa kulifuatilia ni la Ralph Peer, mzaliwa wa Missouri, ambaye hakuwa mwanamuziki bali mtu wa biashara. Mwaka 1920 alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya OKeh, New York, wakati mtunzi mweusi Perry Bradford alipokuwa akibisha hodi kampuni baada ya kampuni, akisisitiza kwamba Weusi wangenunua sauti ya mwimbaji wao kama wangeuziwa. Tarehe 10 Agosti mwaka huo Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" kwa ajili ya OKeh, na santuri hiyo ikanunuliwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka uliofuata kampuni ikafungua orodha ya pekee kwa ajili ya wateja weusi, ambayo ikajulikana kama Race Records, yaani "santuri za mbari", ikaitangaza katika magazeti ya Weusi, na kampuni nyingine zikaiga. Hiyo ndiyo rafu ya kwanza.

Rafu ya pili ilizaliwa Juni 1923, na naomba uitazame kwa karibu kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo. Peer alikwenda Atlanta na mitambo yake. Polk Brockman, aliyekuwa akiuza santuri katika duka la samani la familia yake, kwa kuwa wakati ule gramafoni ilikuwa kabati la sebuleni na ilinunuliwa pamoja na viti, alimshawishi amrekodi mpiga fidla mmoja maarufu wa mji huo, John Carson. Peer hakuipenda hata kidogo sauti ya mzee huyo, akakubali kutoa santuri 500 tu kwa ajili ya Brockman, zikaisha upesi, na Brockman akaagiza nyingine. Na wimbo wenyewe ulikuwa upi? Ulikuwa wimbo wa mwaka 1871 wa yale maonyesho ya nyuso za masizi, ambamo anayelalamika ni mzee mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Yaani santuri inayohesabiwa kuwa imefungua soko la muziki wa "Wazungu wa mashambani" ilitoka kinywani mwa Mzungu aliyekuwa akisema kwa niaba ya mzee mweusi. Zaidi ya hayo, katika ziara hiyo hiyo ya Atlanta, kwa mitambo hiyo hiyo, Peer alimrekodi pia Lucille Bogan, mwimbaji mweusi wa bluzi. Mtambo ulikuwa mmoja, lakini santuri zilipofika sokoni kila moja ilikwenda rafu yake. Miaka miwili baadaye bendi moja kutoka North Carolina na Virginia ilipoulizwa jina, kiongozi wake akajibu kwa mzaha kwamba wao ni washamba wa milimani tu, Peer akalidaka neno hilo, na hillbilly, ambalo lilikuwa tusi, likawa jina la biashara.

Usidhani nasema Peer alikuwa mtu mbaya; alikuwa muuzaji, na muuzaji hupanga bidhaa kwa kumwangalia mnunuzi. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Pale dukani Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zilikaa katika rafu ya dansi, na mteja mgeni aliyekuja akitaka jazi ya New Orleans aliondoka amechanganyikiwa.

Alipohamia kampuni ya santuri ya Victor, Peer alifanya mkataba wa ajabu: hakutaka mshahara, alitaka hatimiliki ya nyimbo. Hilo ndilo lililomfanya awatafute wanamuziki wenye nyimbo ambazo hakuna aliyekwisha kuzisajili. Mwishoni mwa Julai 1927 aliweka mitambo katika jengo la zamani la kiwanda cha kofia huko Bristol, mji ambao mpaka wa Tennessee na Virginia unapita katikati ya barabara yake kuu. Kwa muda usiofika wiki mbili alirekodi nyimbo 76, akilipa dola 50 kwa kila wimbo. Hapo ndipo walipotokea A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, msichana mwenye ujauzito aliyepiga gitaa kwa namna ambayo wewe mwenyewe unaipiga bila kujua asili yake: kidole gumba kinatembeza sauti ya wimbo katika nyuzi nene za juu, na vidole vingine vinapangusa nyuzi nyembamba kutunza mwendo. Jaribu kuutoa wimbo kwa gumba peke yake, polepole, na utaona jinsi gitaa moja linavyofanya kazi ya mawili.

Na hapa umemsahau mtu. Kuanzia mwaka 1928 A.P. Carter alizunguka vijijini kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyepoteza sehemu ya mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji. Carter aliandika maneno. Riddle ndiye aliyeshika sauti kichwani mpaka warudi nyumbani, na Maybelle alijifunza mengi kutoka kwake. Nyimbo zilisajiliwa kwa jina la Carter. Huko Nashville nako, DeFord Bailey, mpiga harmonika mweusi, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi kikuu cha kantri cha redio ya WSM, huku katika ziara akinyimwa chumba katika hoteli walimolala wenzake. Yeye alisema kwamba nyumbani kwao walipiga muziki wa washamba, ila wa watu weusi. Ungemweka rafu gani?

Ama Jimmie Rodgers, ambaye alirekodi Bristol wiki ile ile na ambaye insha yako inamwita baba wa kantri, nyimbo zilizompa umaarufu ni bluzi kwa umbo lake. Hesabu mishororo: wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, na wa tatu unajibu, kisha yeye anaongeza ule mlio uitwao yodel, wa kuruka sauti kutoka kifuani hadi kichwani. Alikuwa mtoto wa reli wa Mississippi, na aliwasikiliza vibarua weusi waliokuwa wakitandika njia. Julai 1930, Los Angeles, aliimba "Blue Yodel No. 9" akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin, wanamuziki weusi wa jazi. Hiyo ni miaka 20 kabla ya huko kukutana unakokutaja. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933, lakini santuri zake zilikuwa zimekwisha kusafiri: mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipowarekodi wasichana wa Kipsigis nchini Kenya, alikuta wanaimba wimbo wa Chemirocha, ambaye ni huyo huyo Jimmie Rodgers, aliyegeuzwa kiumbe nusu mtu na nusu swala. Wale hawakuwa wamepata karatasi ya orodha ya dukani.

Kwa hiyo nakushauri uifute ile sentensi ya mikondo miwili, na badala yake uandike kwamba muziki wa Kusini mwa Marekani ulikuwa umechanganyika tangu mwanzo, ukatenganishwa na kampuni za santuri kati ya mwaka 1921 na 1925, na utengano huo ukabaki hata majina yalipobadilika. Mwaka 1949 jarida la Billboard, linalopanga orodha za nyimbo zinazovuma, liliacha jina la zamani la orodha ya Weusi likaweka Rhythm and Blues, na toleo hilo hilo likaipa orodha ya pili jina la Country and Western. Vibao vipya viligongomelewa juu ya rafu zile zile.

Rasimu ikiwa tayari, nitumie kabla ya Ijumaa, maana wiki ijayo nitakuwa Pangani kwa shangazi yako na mtandao wa huko unaujua.

Mama yako