Mwaka wa msingi wa kompyuta na gemu uletwe huku Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kidogo juu ya hii habari ya watoto kupelekwa Uingereza kusomea kompyuta na utengenezaji wa gemu kwa kuanzia na mwaka wa msingi, yaani mwaka wa matayarisho kabla ya digrii, maana mawakala wamezidi siku hizi, wanakuja mpaka maskulini na vipeperushi vya rangi, na mzazi akisikia gemu anacheka lakini akisikia Uingereza anaanza kuulizia bei ya kiwanja chake. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari huku Kisauni na hawa watoto wanaoitaka hiyo kozi ninao darasani, tena wengi, na wengi wao hesabu ndiyo inayowaangusha.

Kwanza hicho kicheko. Juzi mama mmoja kaniambia, "Mwalimu, huyu yuataka kwenda chuo kikuu kucheza!" Hapana mamangu, hachezi mtu. Hii kozi si ya jana wala si mzaha, Chuo Kikuu cha Abertay pale Dundee, Scotland, kilianza digrii ya gemu za kompyuta mwaka 1997, na Dundee ndiko ilikotengenezwa Grand Theft Auto ya kwanza, hiyo hiyo ambayo matoleo yake ya baadaye yanachezwa kwenye vibanda vya PlayStation kila mtaa hapa Mombasa. Na tusiseme ni mambo ya wazungu peke yao, Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu yake ya Adventures of Nyangi mwaka 2007, na 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya Leti Arts.

Sasa ukiifungua hiyo kozi ndani utakuta nini, utakuta hesabu. Wanafunzi wangu kila mwaka huniuliza Pythagoras nitamtumia wapi teacher, basi jibu liko kwenye simu zao. Gemu ikitaka kujua kama mpira umemgusa kipa inawachukulia wote wawili kama duara, inapima umbali kati ya vitovu vyao, na umbali huo ni Pythagoras yule yule wa ubaoni, kisha inalinganisha na jumla ya nusu vipenyo vya duara hizo, tena waandishi wa programu wajanja hata kipeuo cha pili hawakitafuti, wanalinganisha miraba yenyewe kwa sababu kutafuta kipeuo kunakula muda. Na muda wenyewe ni mdogo mno, gemu inayoonyesha fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde ina milisekunde 16 na ushei kwa kila fremu, na ndani ya hizo inatakiwa isome vidole vyako, imsogeze kila adui, iangalie nani kagongana na nani, halafu ichore picha nzima upya. Ikichelewa, gemu inakwama na mtoto anaigonga simu kwenye goti.

Halafu kuna hili, ambalo mimi hulipenda kwa sababu ni fizikia ya kidato cha kwanza. Ukiandika programu kwamba mchezaji asogee hatua tano kila fremu, kwenye kompyuta ya kasi atakimbia kama anafukuzwa na askari wa kanjo na kwenye kompyuta mbovu atajikokota, gemu ni moja lakini kasi mbili. Dawa yake ni kuzidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Mwendo mara muda, umbali. Ndiyo hiyo hiyo niliyoifundisha mpaka sauti ikakauka. Adui kugeuka akutazame ni vekta na trigonometria, kamera kuzunguka ni matriksi, adui kutafuta njia fupi ya kukufikia ni algoridhimu (utaratibu wa hatua kwa hatua) inayoitwa A* ambayo iko tangu 1968. Juu ya hayo waongeze lugha ya programu ya C++ ambayo haina huruma, miundo ya data, grafiki na mitandao. Kwa hivyo mwenye digrii hiyo akikosa kazi ya gemu bado ni mtu wa sayansi ya kompyuta, anaweza kuandika programu ya benki au ya bandari.

Nije kwenye huo mwaka wa msingi, ambao mawakala wanauuza kama vile ni zawadi. Kwa Uingereza digrii ya kawaida ni miaka mitatu (Scotland ni minne), na mwaka wa msingi unawekwa mbele yake, wenyewe wanauita mwaka sifuri, kwa hiyo kwa England inakuwa miaka minne. Ni kwa yule ambaye hana alama au masomo yanayotakiwa kuingia mwaka wa kwanza moja kwa moja. Anasomeshwa hesabu, anaanza kuandika programu kutoka mwanzo kabisa, anafundishwa kuandika ripoti na kusoma kama mtu wa chuo, anafanya kaproject kadogo, akifaulu anaendelea, asipofaulu haendelei. Hayo ya kutofaulu hayako kwenye kipeperushi.

Mimi huo mwaka siupingi hata kidogo, naona ni jambo la busara sana. Mtoto wa miaka kumi na minane aliyepata C ya hesabu kwa sababu mwalimu alikuwa mmoja kwa madarasa manne hajawa mjinga, amekosa mwaka mmoja wa kukaa na hesabu vizuri, basi. Na kwa Mkenya kuna sababu nyingine ambayo wazazi wa umri wangu watakumbuka. Zamani tulikuwa na kidato cha tano na cha sita, ikaja 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) mwaka 1985, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ukafanywa 1989. Muingereza bado anasoma miaka yake miwili ya A-level kabla ya chuo, ndiyo maana vyuo vingi vya kule vikiona KCSE, yaani mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, hata iwe nzuri, vinamwambia mtoto aanze na mwaka wa msingi. Yaani mzazi anakwenda kulipia kwa pauni kile ambacho zamani mtoto alikisoma hapa hapa kwa shilingi.

Na pauni zenyewe si mchezo. Muingereza mwenyewe kule England ana kikomo, kwa mwaka 2025/26 halipi zaidi ya pauni 9,535, ambazo ni milioni moja na nusu na zaidi za kwetu. Mtoto wako wewe ni mgeni, hana kikomo, chuo kinajipangia bei kinavyotaka. Juu yake kuna ada ya afya ya viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo na inalipwa yote mbele siku ya kuomba viza, kisha uonyeshe benki una pesa za kumlisha, kisha tiketi, kisha koti la baridi ambalo Mombasa utaliuza kwa nani. Kwa miaka minne fanya hesabu mwenyewe, mimi nimechoka.

Kama pesa unazo na umeamua, sawa, nenda lakini uliza maswali. Huo mwaka wa msingi ni wa chuo chenyewe au ni wa kikoleji kingine kilichopangisha jengo karibu na chuo? Akifaulu nafasi yake mwaka wa kwanza ni ya hakika, na ni kwenye kozi ile ile ya gemu au atasukumwa kwingine? Anahitaji alama ngapi ili aendelee? Hesabu anasomeshwa saa ngapi kwa wiki? Wakala akianza kukwepa kwepa na kukuonyesha picha za maktaba, shika mkoba wako uende zako.

Lakini mimi barua hii hasa naiandikia vyuo vyetu. Tuko na Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, ambacho kabla ya kuwa chuo kikuu 2013 kilijulikana kama Poli (Mombasa Polytechnic), na mwanzoni kabisa kilikuwa MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kwa hiyo kazi ya kuwafundisha vijana wa Pwani ufundi ni ya tangu enzi za mkoloni. Tuko na Pwani University Kilifi. Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS za 2009 na EASSy ya 2010, zote zinatua Mombasa kabla hazijamfikia mtu wa Nairobi. Sasa kwa nini kijana wa Likoni mwenye C+ ya jumla lakini hesabu imemtupa aambiwe njia yako ni cheti, halafu diploma, halafu ndiyo digrii, miaka inakwenda mpaka anaoa? Najua ile njia ya ngazi imewasaidia wengi na siidharau. Najua pia zile briji, kozi fupi za hesabu za miezi michache, ambazo kwa mtoto aliyekosa hesabu ya miaka minne ni sawa na kumpulizia. Ninachotaka ni mwaka mzima, hesabu kila siku na programu kila siku, ulioshikanishwa na digrii moja kwa moja, akipita anaingia, na hiyo digrii iwe ya kompyuta na gemu.

Tena wakati wake ni huu. KCSE ya mwisho ni 2027, watoto wa mfumo mpya wa CBC wameingia gredi ya kumi Januari 2026 na watafika vyuoni 2029, na wapo watakaofika wamechagua masomo ya jamii wakati roho iko kwenye kompyuta, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tano anachagua anachochagua rafiki yake. Hao mtawapokeaje?

Vifaa si kisingizio. Injini ya gemu ya Godot, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni bure, Blender ya kuchora ni bure, na laptopu ya mtumba inaendesha gemu ndogo vizuri tu. Na kazi ya kumpa mwanafunzi wa mwaka wa msingi iko hapa hapa, atengeneze bao. Bao letu la Kiswahili, mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, mnanamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja ubaoni, mpaka ziwaishe mkononi ndipo mwingie mtaji wa kucheza na kete za ubaoni tu, na kuna sheria za nyumba (lile shimo maalumu la kila mchezaji) ambazo wazee wa Mji wa Kale wenyewe wanagombania mpaka magharibi. Kumfanya mashine ajue sheria hizo peke yake ni muhula mzima, na kumfanya acheze vizuri ni utafiti. Oware, bao la Afrika Magharibi lenye mashimo 12 na kete 48, lilimalizwa na kompyuta mwaka 2002 kule Amsterdam na John Romein na Henri Bal, walipitia hali zaidi ya bilioni 889 wakakuta wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao letu ni kubwa kuliko hilo kwa mbali sana. Naona aibu kidogo nikifikiri kwamba atakayelitatua atakuwa ni mtu asiyejua kunamua ni nini, na mjukuu wa fundi wa bao amekaa maskani kwa sababu ya D ya hesabu.

Kwa hiyo wakuu wa vyuo vya Pwani nawaomba mtujibu kupitia gazeti hili hili: mwaka wa msingi wa namna hiyo unaweza kuanza lini, ada yake itakuwa kiasi gani, na mtawachukua wa alama gani? Na walimu wa hesabu wa sekondari tulio tayari kuja kusomesha jioni tupo, semeni tu tulete vyeti wapi.

Mwalimu wa hesabu,
Kisauni, Mombasa