Sarafu Haimo: Barua kwa Mpwa Wangu Mwalimu

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu. Anasema umerudi likizo umenyong'onyea, kwamba Kidato cha Pili wanasinzia vipindi vya alasiri na ukitamka neno ngeli darasa zima linaguna. Sikulaumu, wala siwalaumu wao. Nimefundisha Kiswahili huko bara miaka mingi na miguno hiyo naijua. Nakuandikia hadharani kwa sababu walimu wenzako wengi wanaugua ugonjwa huo huo, na dawa iliyonifaa mimi sikuipata chuoni. Ni kiinimacho.

Chukua sarafu. Mimi hutumia ile ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, maana watoto wengi hawajapata kuishika. Iweke kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu. Lete mkono wa kulia kama unaichukua: kidole gumba kipite chini ya sarafu, vidole vingine viifunike kwa juu. Hapo hapo iachie idondoke kwenye kiganja kile kile cha kushoto. Funga mkono wa kulia, uondoe, na macho yako yaufuate mkono huo mtupu. Siri yote iko hapo, wanafunzi hutazama unakotazama wewe. Jizoeze mbele ya kioo hata wiki mbili.

Kisha uliza: sarafu iko wapi?

Nilipoanza, ilikuwa Jumatatu baada ya chakula cha mchana. Nikafumbua mkono wa kulia. Kimya. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake, akaropoka, "Haiko!" Msichana wa mbele akamgeukia, "Haimo! Si mkononi ni ndani?" Wakabishana, wengine wakaingilia, nami nikanyamaza. Unawajua watoto wa mjini, kwao "ako" na "iko" hubeba kila kitu: mwalimu ako, pesa iko. Nilikuwa nimeandika po, ko na mo ubaoni sijui mara ngapi, na hawakuwahi kuona zinawafaa nini.

Ukibadilisha kitu, maneno nayo yanabadilika. Jiwe limo, kizibo kimo, uzi umo, na ukificha mawe mawili, yamo. Hizo ni ngeli kadhaa kwa dakika kumi, na neno ngeli hujalitaja. Kanuni utawaandikia baadaye, wakiwa wameshaitumia.

Hesabu pia zinasaidia, kwa kuwa wengi hawawezi kutaja mia tisa na themanini bila kukimbilia Kiingereza. Kila mmoja achague namba ya tarakimu tatu, ya kwanza na ya mwisho zikipishana kwa mbili au zaidi. Aigeuze, atoe ndogo kwenye kubwa, jibu aligeuze tena, kisha ajumlishe. 742 ukitoa 247 ni 495, na 495 ukijumlisha 594 ni 1089. Wote watapata 1089, nawe umeshaiandika ndani ya bahasha. Kabla hujaifungua, dai kila anayetaka kuiona asimulie alichofanya: nikachagua, nikageuza, nikatoa, nikajumlisha. Hiyo -ka- utaisikia ikitiririka.

Sasa nisikilize kama mjomba wako. Mwanzoni nilikuwa sitoi siri. Msichana mmoja akaenda nyumbani akasema mwalimu wa Kiswahili ana mambo, na kesho yake akakataa kuketi mbele. Mama yake akaja, akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu, hakutaka hata kuingia. Niliumia sana. Wewe ni mtoto wa Pwani, unajua wazee waliouawa Kilifi kwa kushukiwa uchawi. Mwalimu hana ruhusa ya kuiongezea imani hiyo hata chembe. Mwaka 1584, huko Uingereza, Reginald Scot alichapisha kitabu cha kuwatetea walioshutumiwa uchawi, na humo akafichua jinsi viinimacho vinavyofanywa. Nami tangu siku ile nafichua, kabla kengele haijalia.

Na kufichua ndiko kuliko na Kiswahili kingi zaidi. Mwite mwanafunzi mbele, amfundishe mwenzake: shika hivi, usiitazame, geuza kiganja. Waulize kilichowapoteza. "Ningalitazama mkono wa kushoto, ningaliiona." Sentensi hiyo niliipata kwa mtoto aliyekuwa akipata sufuri katika -ngali-.

Usifanye kila siku. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, tena siku wasiyoitarajia.

Mama yako nimempa bahasha akuletee. Usiifungue mbele ya wadogo zako, watakumalizia siri kabla hujajizoeza. Sarafu imo.

Mjomba wako