Haka si vituko, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimelinunua gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Makala ya Jumamosi kuhusu All Blacks, timu ya raga ya New Zealand, imenishinda. Mwandishi wako ameiita haka, ngoma ya Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, ambayo timu huicheza kabla ya mechi, "vituko vya kutoa ndimi", halafu anasema timu ile imewaunganisha Wamaori na Wazungu tangu mwanzo.

Mwanzo upi? Ka Mate, haka yao maarufu, ni ya Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa, aliyejificha kwenye shimo la viazi vitamu akiwakimbia maadui zake. Wachezaji wa Kimaori waliachwa nyumbani timu ilipokwenda Afrika Kusini 1928, 1949 na 1960, kwa sababu ya rangi yao. Hata George Nepia aliachwa, nyota wa kikosi kilichozunguka Uingereza 1924 bila kufungwa! Radhi ya chama cha raga imekuja 2010. Na haka yenyewe wachezaji waliirukaruka ovyo hadi miaka ya 1980, Buck Shelford na Hika Reid walipowataka wenzao waijifunze sawasawa au waiache.

Mwaka 1976 nilikuwa darasa la tano. Baba alianika betri za redio juani juu ya bati wiki nzima, kila jioni anazigeuza, ili tumsikie Filbert Bayi akikimbia Olimpiki ya Montreal. Huyu ndiye aliyempita John Walker wa New Zealand kwenye mita 1500 kule Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. Ikatangazwa kwamba Tanzania haiendi, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusa, kwa kuwa All Blacks walikuwa wakicheza kwa makaburu wiki chache tu baada ya watoto kupigwa risasi Soweto. Walker akachukua dhahabu. Baba alizitoa betri moja moja, akazifunga kwenye gazeti, akaenda kukamua ng'ombe. Ndiyo raga ninayoijua mimi, Mhariri, nasi tuliilipia!

Lakini mtakumbuka wapi, kurasa za michezo zote ni usajili na mikeka ya kubeti. Bayi hapati hata sentensi.

Naomba hivi: kila mnapochapa picha ya haka, chini yake wekeni 1928, 1949, 1960 na 1976. Na kila Februari 2 picha ya Bayi, ukurasa wa kwanza wa michezo, upande wa juu.

Msomaji wenu,
Babati